Kazi bila Daftari Hupotea bila Habari

Hotuba kwa wanafunzi wa upakaji rangi na upambaji wa ndani ya nyumba, wazazi na mafundi wa kata, iliyotolewa na mkufunzi mstaafu wa ufundi stadi. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuhudhuria.



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwaambia wenye maduka. Leo naomba niwaambie vijana wa brashi na rola, kwa sababu ufundi nao ni mali, na kila mwaka naona ukipotea kwa kukosa daftari.

Sisi wa wilaya hii tunaishi kando ya mji unaojengwa. Uamuzi wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ulifikiwa mwaka 1973, lakini utekelezaji wake ulikwenda polepole kwa miongo mingi. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia huku, mwendo umebadilika. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mwaka 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa. Tarehe 20 Mei 2023 ikazinduliwa Ikulu mpya ya Chamwino. Nyuma ya majengo hayo makubwa zimefuata nyumba za watumishi, nyumba za wageni, ofisi, maduka, shule na zahanati. Kila mojawapo ina kuta za ndani, dari, milango na madirisha yanayosubiri mkono wa fundi.

Kwa hiyo kazi ipo. Linalonisumbua ni kwamba vijana wetu wengi huitwa kazini mara moja, kisha hawaitwi tena. Nimekagua kazi zao. Mara nyingi mkono hauna kasoro: rangi imelala vizuri na kona zimenyooka. Kilichokosekana ni taarifa. Kijana hakuandika alichoagizwa, hakupima kabla ya kuagiza vifaa, hakumweleza mwenye nyumba kwamba ukuta una unyevu, wala hakumjulisha msimamizi kuwa rangi inakaribia kwisha. Mteja humsamehe fundi mwenye mkono mzito anayeeleweka kuliko fundi hodari asiyejulikana amefikia wapi.

Taarifa za kazini ni nini

Nikisema taarifa za kazini nina maana ya mambo ya kawaida kabisa: maagizo ya mwenye kazi, vipimo vya chumba, aina na namba ya rangi, hali ya ukuta kabla ya kuanza, vifaa vilivyopokelewa na vilivyotumika, hatari zilizopo, na mabadiliko yaliyokubaliwa baadaye. Kuzipanga taarifa hizo ni kuziandika mahali pamoja, kwa utaratibu utakaomwezesha mtu mwingine kuzipata hata wewe usipokuwepo. Kuziwasilisha ni kumfikishia anayezihitaji wakati bado anaweza kuzitumia. Habari ya kwamba rangi imekwisha, ikitolewa jana jioni, ni msaada. Ikitolewa leo saa nne asubuhi mafundi wakiwa wamekaa, ni hasara.

Niwape mfano. Kijana mmoja niliyemfundisha alipewa kazi ya kupaka vyumba sita vya nyumba ya wageni. Mwenye nyumba alimwambia apake rangi ya krimu, kisha akasafiri. Dukani kijana alikuta krimu za aina kadhaa, akachagua ile aliyoona nzuri. Aliporudi mwenye nyumba, vyumba vinne vilikuwa vimekwisha. Akasema, “Hii siyo niliyotaka.” Kijana akasema, “Ndiyo uliyoniambia.” Shahidi wao alikuwa ukuta, na ukuta hausemi. Kijana alilipwa nauli, akaenda zake, na kazi akapewa mwingine. Laiti angepaka kipande kidogo cha mfano, akakipiga picha, akaituma pamoja na namba ya rangi, na akasubiri jibu, asingepoteza malipo ya siku nane.

Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa na nguvu kisheria, lakini ugomvi ukizuka, mwenye kudai ndiye hutakiwa kuthibitisha. Karatasi moja yenye tarehe, bei, rangi na sahihi za pande mbili inatosha kuzima magomvi mengi ambayo leo yanaletwa kwa mtendaji wa kijiji.

Vipimo huandikwa, havikaririwi

Daftari la fundi rangi huanza na vipimo. Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5, na ukuta wenye kimo cha mita 3. Mzunguko wa chumba ni mita 15. Ukizidisha kwa kimo, unapata mita za mraba 45. Ondoa mlango wa mita 0.9 kwa 2.1, na madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2 kila moja; jumla yake ni karibu mita za mraba 5.5. Inabaki 39.5. Ikiwa kopo linasema lita moja hupaka mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, basi kwa mikono miwili unahitaji lita 7.9. Ukiongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya upotevu, ni lita 8.7.

Hesabu hii haichukui dakika kumi. Asiyeifanya huagiza ndoo ya lita 20 kwa kubahatisha, na mwenye nyumba akiona zaidi ya nusu imebaki anajiuliza kama fundi hakuwa na mpango wa kuihamisha. Au huagiza lita 4, kisha anarudi dukani mara mbili na kukuta rangi ya bachi nyingine. Tazameni pia hili: kijana akimpigia msimamizi simu na kusema “chumba ni nne kwa tatu na nusu”, hajasema kitu kamili. Kimo hakijatajwa, milango na madirisha hayajatajwa, wala haijulikani kama dari imo. Taarifa pungufu humlazimisha mwenzako kukisia, na kosa la makisio yake litakuangukia wewe.

Rangi ina jina, ina namba na ina bachi

Jina la rangi halitoshi. Andika kampuni iliyoitengeneza, aina yake kama ni ya maji au ya mafuta, namba ya rangi, na namba ya bachi iliyoandikwa kwenye kopo. Rangi za jina moja kutoka bachi mbili zinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana zikikutana katikati ya ukuta mmoja. Ikiwa rangi imechanganywa kwa mashine dukani, tunza kile kibandiko chenye vipimo vya mchanganyiko. Kibandike ndani ya daftari pamoja na risiti ya EFD. Miaka miwili baadaye mwenye nyumba akitaka kurekebisha sehemu iliyochubuka, fundi mwenye kibandiko hicho ndiye atakayeitwa.

Hapa mkoani kwetu tunayo michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Rangi yake nyekundu imedumu vizazi kwa vizazi, na waliochora hawakuachia maandishi ya kutueleza walichanganya nini. Wataalamu wanaendelea kujadiliana hata juu ya umri wake. Wazee wale walikuwa na udhuru. Kijana mwenye kalamu mfukoni na simu mkononi hana.

Ukuta wa Dodoma una habari zake

Wanafunzi, msiamini kwamba maelezo ya kopo yameandikwa kwa ajili ya hali yetu pekee. Nchi yetu ni kame, jua ni kali na upepo wa kiangazi hubeba vumbi jekundu. Rangi ya maji hukauka upesi kabla rola haijarudi, na vumbi hushika ukuta mbichi. Kwa sababu hiyo andika saa uliyoanza kila ukuta, upande wa dirisha lililokuwa wazi, na muda uliopita kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Kasoro ikitokea utajua chanzo chake, wala hutamsingizia muuza duka.

Jambo la pili ni chumvi. Katika maeneo mengi ya Dodoma maji ya visima yana chumvi, na maji hayohayo hutumika kuchanganyia plasta. Ukuta ukikauka, chumvi hujitokeza kama unga mweupe na kuisukuma rangi mpaka inabambuka. Plasta mpya nayo huhitaji muda wa kukauka, kwa kawaida wiki nne hivi, kabla ya kupakwa rangi. Fundi rangi akikuta unga mweupe au unyevu, wajibu wake ni kusimamisha brashi, kupiga picha na kumwambia mwenye kazi kwa maandishi: ukuta huu haujawa tayari, na tukipaka leo rangi haitadumu. Mwenye nyumba anaweza kusisitiza uendelee kwa sababu mpangaji anahamia Jumamosi. Hiyo ni haki yake; lakini uamuzi huo uandikwe kuwa ni wake, na tarehe yake iwepo.

Jambo la tatu ni mafundi wenzetu. Fundi umeme anayekata ukuta baada ya sisi kupaka hakukusudia ubaya, hakuna aliyemwambia. Kabla ya kusawazisha kuta na kupaka, muulize fundi umeme, fundi bomba na fundi wa jipsamu kama wamemaliza, na andika majibu yao. Swali moja asubuhi huokoa ukuta mzima.

Taarifa inayolinda uhai

Zipo taarifa ambazo zikikosekana, kinachopotea si fedha. Rangi kuukuu za mafuta zinaweza kuwa na madini ya risasi, na ukizisugua kwa msasa mkavu, vumbi lake huingia mapafuni na kutua sakafuni watoto wanapotambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo. Hivyo, kabla ya kusugua rangi ya zamani, mwambie mama mwenye nyumba awatoe watoto, afunike vyombo vya maji na chakula, na asifagie vumbi lile likiwa kavu. Wewe mwenyewe vaa barakoa, na lowesha ukuta.

Kiyeyushi cha rangi, hiki tunachokiita tina, hushika moto upesi, na mvuke wake ndani ya chumba kilichofungwa hulevya. Maelezo ya kopo mara nyingi huwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyefika chuo ndiye anayepaswa kuyasoma, kuyaelewa, kisha kuyaeleza kwa Kiswahili chepesi, au kwa Kigogo ikibidi, kwa kibarua na kwa bibi mwenye nyumba. Kusoma peke yako na kunyamaza si kuwasilisha taarifa.

Mafundi wakuu nao wasikae pembeni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa na maelekezo yatakayomlinda. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo akipandishwa kwenye ngazi iliyolegea bila kuambiwa, fundi mkuu hawezi kujitetea kwamba kijana alipaswa kuona mwenyewe. Na kijana akiona ngazi imelegea, aseme kabla ya kupanda. Kumwambia mkubwa habari ya hatari si utovu wa adabu.

Namna ya kutoa taarifa

Vijana wengi huniuliza, “Mwalimu, niandike nini?” Jibu langu ni fupi. Kila kazi iwe na kurasa zake ndani ya daftari: ukurasa wa maagizo na makubaliano, ukurasa wa vipimo, ukurasa wa vifaa vilivyoingia na kutumika, ukurasa wa mabadiliko na nani aliyeyaamua, na ukurasa wa hatari na kasoro. Kila jioni, kabla ya kuosha brashi, mpe msimamizi taarifa ya sentensi tatu: leo kimefanyika nini, kimekwama nini, na kesho kinahitajika nini. Kwa mfano: “Chumba cha pili kimepakwa mkono wa kwanza. Chumba cha tatu kina unyevu chini ya dirisha, sikukipaka. Kesho tunahitaji lita 4 za rangi na msasa.” Msimamizi akipata hiyo, anajua kazi imefikia wapi na fedha yake inakwenda wapi.

Taarifa mbaya itolewe mapema, tena kwa heshima. Ukimwaga rangi kwenye marumaru, sema leo. Kesho itakuwa imekauka, na uaminifu wako utakuwa umekauka pamoja nayo.

Simu inasaidia sana, lakini ina mitego. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hupotea simu ikiharibika, maagizo yaliyokuja kwa sauti yahamishiwe kwenye daftari siku hiyohiyo, kisha umwandikie aliyeyatuma: “Nimeelewa hivi na hivi, nirekebishe kama sivyo.” Na picha za ndani ya nyumba ya mtu si za kutangazia biashara bila ruhusa yake. Chumba cha kulala, picha za familia ukutani, mahali kasha lilipo, yote hayo ni siri za mwenye nyumba. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini hata kabla ya sheria, mila zetu zilitufundisha kwamba aliyekaribishwa ndani hatangazi aliyoyaona.

Majengo ya umma ni yetu sote

Wazazi na wakazi, jambo hili linawagusa hata wasio na mtoto fundi. Miaka hii shule na zahanati zetu nyingi zimejengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kwa kutumia mafundi wa kawaida chini ya kamati za wananchi: kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kupambana na athari za UVIKO-19, Serikali iliamua kujenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila darasa lilihitaji rangi, na kila ndoo ya rangi ililipiwa na umma.

Kamati ya mapokezi inaposaini kupokea ndoo kumi, fundi aandike zimetumika ngapi, wapi, na zimebaki ngapi. Daftari la fundi likilingana na leja ya stoo, mwananchi yeyote akiuliza kwenye mkutano wa kijiji atajibiwa. Yasipolingana, maneno huanza, na mara nyingi anayesingiziwa kwanza ni kijana wa mwisho kushika brashi. Daftari lake ndilo wakili wake.

Huduma zilizopo

Kwa vijana wanaotaka kujifunza, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo cha mkoa hapa Dodoma. Ulizeni fani na nafasi zilizopo. Anayetaka kwenda mbali zaidi katika usanifu wa ndani ya majengo anaweza kulenga Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Na mafundi mliojifunza kazini bila kupita chuoni, VETA inao utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi: fundi hupimwa, na akifaulu hupata cheti. Mtakapoulizwa mmefanya kazi gani, daftari lenye vipimo, picha zilizoruhusiwa na majina ya rangi litasema kwa niaba yenu.

Mkiamua kuunda kikundi, kumbukeni kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atawaeleza masharti. Nawahakikishia kwamba kikundi chenye kumbukumbu za kazi, mapato na vifaa hueleweka upesi kuliko kikundi chenye maneno matamu.

Mafundi wakuu, mnapompokea mwanafunzi msimwachie kubeba ndoo tu. Mpeni kazi ya kupima na kuandika, kisha mkague alichoandika na kutia sahihi kwenye kitabu chake cha mafunzo. Wazazi, mnaponunua brashi na ovaroli kwa ajili ya mtoto, ongezeni daftari gumu, kalamu na futi ya kupimia. Hivyo vitatu ndivyo vya bei ndogo kuliko vyote, na ndivyo vitakavyomfanya aitwe tena.

Na ninyi vijana, kazi mtakayopewa wiki ijayo, iwe ni sebule ya jirani au darasa la shule, andikeni ukurasa wa kwanza kabla ya kufungua kopo la kwanza.